Mpishi wa Manassas

Mama mkwe wangu alikuja Marekani kutolewa mtoto wa jicho, na kufikia wiki ya tatu daktari alikuwa amekwisha kukataa kumgusa. Sababu ilikuwa sukari. Asubuhi kipimo kilionyesha namba ya juu, mchana namba ya chini. Muuguzi wa kliniki, mwanamke mpole mwenye kalamu nyekundu, alichora mistari miwili kwenye karatasi na kusema kwamba namba za Mama zikae katikati ya mistari hiyo kwa siku kumi mfululizo. Zikikaa, atapasuliwa. Zisipokaa, tarehe itasogezwa. Tarehe ilikuwa imesogezwa mara moja tayari, na viza haisogei. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa. La kushoto lilimwonyesha watu kama nguo zilizoanikwa. Akirudi nyumbani hivyo, hakuna aliyetarajia kwamba angepata nafasi ya pili.

Tiba yenyewe haikuwa ngumu. Alitakiwa ameze kidonge asubuhi, kisha ale chakula cha maana mchana na jioni, kwa saa zilezile kila siku. Kidonge alikimeza. Chakula hakukila, na sababu ya kutokila ilikuwa mimi.

Kwao, mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali mahali pamoja, hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu, hawapishani mlangoni. Ni heshima, si uadui, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yangu haikunisumbua hata siku moja, kwa kuwa yeye alikuwa Tanzania nami nilikuwa huku. Sasa tulikuwa sote katika nyumba moja ya Wheaton, yenye bafu moja na ujia wa hatua kumi na moja. Tulijiwekea utaratibu. Mimi nilikohoa mara tatu kabla ya kutoka chumbani. Yeye alipiga makofi mawili. Siku moja nilikohoa naye akapiga makofi kwa wakati uleule. Sote tukarudi ndani, kila mmoja akimpisha mwenzake. Tukangoja, tukatoka tena kwa pamoja, tukarudi tena. Nilichelewa kazini dakika ishirini na tano, na sikuweza kumweleza msimamizi wangu sababu kwa namna ambayo ingeandikika kwenye fomu.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Wakati huo nilitunza mitambo ya jengo moja la ofisi huko Springfield. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Mengine nimeyapata kwenye vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine na kwenye maktaba ya wilaya, ambako wananijua. Mke wangu alikuwa akimtunza mzee wa miaka tisini na mmoja huko Manassas, mjane aliyekuwa mwongoza treni enzi zake. Kazi ilikuwa ya kulala hukohuko, kuanzia Jumatatu alfajiri hadi Alhamisi jioni. Kwa hiyo siku nne za wiki nyumba ilikuwa na watu watatu tu: Mama, mimi, na mpangaji wetu wa chumba cha chini, mtu wa Mombasa wa makamo kama mimi, aliyeendesha teksi ya uwanja wa ndege usiku na kurudi alfajiri.

Mtu atauliza kwa nini Mama hakujipikia. Alijaribu, wiki ya kwanza. Jiko letu lilikuwa la kioo, na moto wake hauonekani hata kwa mtu mwenye macho mazima. Mama aliwasha sehemu moja akatua sufuria kwenye nyingine, kishikio cha kitambaa kikaungua, king'ora cha moshi kikalia, na muda si mrefu wakaingia wazimamoto wanne wakiwa na mavazi mazito na shoka. Mama aliwaletea viti. Walipoondoka alimwambia mke wangu kwenye simu kwamba jiko linaloita serikali si jiko la mgeni kuligusa, na hakuligusa tena. Birika la umeme alilikubali, kwa maelezo kwamba kuchemsha maji si kupika.

Mke wangu akajaribu kupika Jumapili na kujaza friji.

"Nimepanda ndege mbili nije kulishwa kiporo?" Mama aliuliza.

Basi akawa anakula mkate na chai, na chai aliitia sukari, kwa sababu alisema bila sukari ni maji ya kunawia.

Nilipoona karatasi yenye mistari miwili nilifanya ninachofanya kazini mtambo unaposumbua. Nilichora jedwali kwenye karatasi ya miraba na kulibandika kwenye friji: watu kushoto, vyakula juu. Kama napika, niliwaza, napika chungu kimoja kitakachomfaa kila mtu wa nyumba, maana nikipika vinne sitafika Springfield.

Nguruwe aliondoka kwanza, kwa ajili ya mpangaji, ambaye ni Mwislamu wa swala tano. Kondoo akaondoka kwa ajili ya Mama. Ni mwiko wa ukoo wao; hawamli, hawalalii ngozi yake na hawapendi sana kumzungumzia. Ng'ombe humtoa mpangaji vipele. Kuku nilimnunua kwa majaribio. Mama alimbonyeza paja kwa kidole, akatoa hukumu kwamba ndege huyu hajawahi kutembea na kumla ni sawa na kumla mgonjwa. Akabaki mbuzi, wa bucha ya halali iliyo karibu na kituo cha treni. Nyanya, ndimu na pilipili ziliondoka kwa sababu ya vidonda vya tumbo vya mke wangu, ambaye angekula mchuzi huo Alhamisi. Chumvi iliondoka kwa presha yangu. Viazi na ndizi ziliondoka kwa sukari ya Mama. Nazi iliondoka kwa sababu ya mafuta yaliyopatikana katika damu ya mpangaji, na siku nilipoikata nazi kwenye jedwali alisimama mbele ya friji kitambo, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Vilivyobaki vilikuwa mbuzi, vitunguu, kitunguu saumu, bilinganya, binzari na tangawizi. Tangawizi niliizidisha mara mbili, ili pawe na kitu.

Chombo nacho kilihitaji kufikiriwa. Nilitaka ile sufuria nzito ya umeme inayopika polepole, ambayo ndani yake mna chungu cha udongo uliochomwa. Nyumbani tuliiita chungu tu. Jirani alikuwa akiuza yake uani. Nilimuuliza ilipikiwa nini miaka yote hiyo. Alifikiri kwa uaminifu, akasema maharage na nyama ya nguruwe, basi. Tukanunua mpya dukani. Kitabu chake cha maelekezo nilikisoma mara mbili. Kilisema vitunguu vikae chini, nyama juu yake, maji nusu. Mfuniko usifunguliwe, kwa kuwa kila ukifunguliwa unapoteza nusu saa ya moto. Saa nane kwa moto mdogo, kisha chungu chenyewe kinashuka kwenye joto la kuhifadhi. Hili la mwisho lilinifurahisha. Chakula cha mchana kingebaki motoni hadi jioni, na kilicho motoni si kiporo.

Jumanne ya kwanza nilipakia chungu alfajiri, nikawasha, nikaenda kazini. Niliporudi nilikuta kimepungua nusu, nikaweka alama ya tiki kwenye jedwali. Kesho yake asubuhi kipimo kilitoa namba iliyokuwa mbali na mistari yote miwili. Nilimuuliza mpangaji.

"Alikaa mezani vizuri tu," alisema. "Nikampakulia. Akaniuliza, 'Nani kapika?' Nikamwambia, mkweo, mama, kaamka na alfajiri, masikini. Akaniuliza, 'Kwa mkono wake?' Nikamwambia kwa mkono wake, na vikombe vya kupimia."

"Akasema nini?"

"Akafunika sahani. Akanambia, 'Kula wewe, baba, usibakishe, isije ikaonekana nimekidharau.' Sasa mie ningefanyaje, fundi? Nikala zote mbili."

Jumapili tukakaa kikao baada ya kanisa. Mke wangu alikaa mezani jikoni. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango ukiwa nusu wazi. Mimi nilikaa sebuleni nikitazama dirishani, na mpangaji, aliyeamshwa na sauti, aliegemea friji akiwa na kikoi na soksi. Kati yangu na Mama palikuwa na hatua kama sita, na kila neno lilisikika.

"Mama, we kula tu," mke wangu alisema. "Ni nyama. Haijui nani kaitia chunguni."

"Mimi najua."

"Na jicho je?"

"Jicho nalitaka. Lakini mkwe akinipikia, nitamtazama vipi?"

"Mama, mbona hata sasa humtazami!"

"Simtazami kwa heshima. Nikila chakula chake, nitakuwa simtazami kwa aibu. Si kitu kimoja."

Hoja hiyo niliiona ni nzito. Hata hivyo nilikuwa nimejiandaa. Maswali yangu niliyaandika tangu Ijumaa. Nikamwambia mke wangu: "Muulize Mama, kupika ni nini."

"Mama, anauliza kupika ni nini."

"Nimesikia. Mwambie msomi ni yeye."

"Muulize, kukata nyama ni kupika?"

"Mwenye bucha anakata nyama mchana kutwa," Mama alimwambia binti yake. "Kuna aliyewahi kumwita mpishi?"

"Kuosha?"

"Mvua inaosha."

"Kumenya vitunguu na kuvipanga chunguni?"

"Hiyo ni kazi ya watoto. Mwambie anazunguka. Mpishi ni yule anayewasha moto, anayekoroga na anayeonja."

Nilifungua kitabu cha maelekezo na kumsomea mke wangu, kwa sauti, ukurasa unaokataza kukoroga. Kisha nikaeleza kwamba katika chungu kisicho na chumvi, pilipili wala ndimu hakuna kitu cha kuonja. Palibaki kuwasha. Nikatoa mfukoni saa ya plagi, ile ambayo mtu anaitega na inawasha taa yenyewe akiwa hayupo.

Mama aliomba aelezwe inavyofanya kazi. Alielezwa.

"Mtu akiacha kaa la moto kwenye majani makavu akaenda zake," alisema, "na kesho yake pori likaungua, nani kachoma? Kaa?"

"Lo!" mpangaji alisema. "Mama huyu alikuwa awe kadhi. Basi tuseme kampuni ya umeme ndiyo ipikayo."

"Kampuni ina mkono?"

"Haina, mama. Ina bili."

"Basi haipiki."

"Nitawasha mie, basi. Mie si mkweo, wala si mtu wako."

"Wewe baba umelipia chumba. Mpangaji akinipikia kila siku, huko nyumbani watasema mwanangu hana mikono."

Nilikuwa nimefika mwisho wa maswali yangu. Aliyetoa njia ni Mama mwenyewe, na aliitoa kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua.

"Anayetumwa hana mkono wake. Mkono ni wa aliyemtuma. Mwanangu amtume huyu baba, yeye awashe; hapo mwanangu kapika. Lakini amtume palepale. Si kuniachia maneno ya jana kama barua. Nisikie sauti yake, kisha nisikie kitufe. Na mume wake asiwe jikoni wakati huo. Asiwe ndani ya nyumba kabisa."

Ndivyo tulivyofanya kuanzia Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri nilikata, nikaosha na kupanga, ambayo yote, kama ilivyoamuliwa, si kupika. Nikafunika chungu, nikakohoa mara tatu na kwenda kukaa garini nimewasha injini. Saa kumi na moja na nusu mpangaji, aliyekuwa ametoka kazini sasa hivi na bado ana koti, alisimama mbele ya chungu akiwa ameshika simu iliyowekwa spika. Mke wangu alipiga kutoka jikoni kwa mzee huko Manassas.

"Mama yuko macho?"

Makofi mawili kutoka chumbani.

"Washa."

Mpangaji alibonyeza. Kitufe kilitoa mlio, na Mama akasema kwa ndani, "Nimesikia." Mpangaji akafungua pazia la sebuleni kunipa ishara, nami nikaondoka kwenda kazini. Zoezi zima lilichukua chini ya dakika moja. Siku alizokuwa nyumbani, mke wangu aliwasha mwenyewe. Siku mbili za kwanza lilinifanya nione haya nikiwa peke yangu garini. Siku ya tatu nililiongeza kwenye jedwali.

Mama akawa anakula. Alikula saa saba na nusu mchana na saa moja jioni, mlango ukiwa umerudishwa, na kwenye kipimo namba ziliingia katikati ya mistari na kukaa. Mke wangu alipomuuliza chakula kikoje, alijibu, "Kinalika." Hakuongeza neno. Siku tisa mfululizo nilijaza miraba kwa kalamu ya buluu, na mpangaji alianza kuwaeleza wenzake wa teksi kwamba anapika kwa kutumwa.

Jambo tulilosahau ni mzee wa Manassas. Alikuwa na uziwi kiasi, lakini mke wangu alilazimika kusema kwa nguvu kwa sababu spika ya simu yetu ilikuwa mbovu. Kwa hiyo mzee aliamka. Akiamka alikuja jikoni kwa kigari chake cha kutembelea na kukaa. Aliuliza huo ni mpango gani, mke wangu akamweleza. Mzee hakuona ajabu yoyote. Alisema treni nayo haiondoki mpaka mwenye ruhusa atoe ishara, hata kama dereva amekwisha kukaa. Tangu hapo alikuwa akiamka mwenyewe, akivaa saa yake ya mkononi, na kufuatilia kama tumechelewa.

Jumatano ya wiki ya pili, siku mbili kabla ya kurudi kliniki, mke wangu alipiga simu kama kawaida. Makofi mawili yalisikika. Na kabla hajafungua mdomo, sauti nzito ya mwanamume ikatoka kwenye simu: "Washa!"

Mpangaji, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea, akabonyeza.

Niliona pazia likifunguka, lakini badala ya ishara mpangaji alitoka nje kwa kandambili, akagonga kioo cha gari.

"Fundi, tuna kesi."

"Nini?"

"Mzee kawasha."

"Mzee yupi?"

"Wa Manassas. Kasema yeye. Na mie nimebonyeza. Mama auliza leo kapikiwa na nani."

Nilisimama kizingitini, maana kuingia ndani hakuruhusiwi, nikamwambia mpangaji azime, kisha mke wangu aseme, kisha awashe tena. Mama alijibu kutoka chumbani, akimwambia mpangaji, kwamba moto ukishawashwa umewashwa. Kuuzima na kuuwasha ili kubadilisha jina la mpishi ni kumfanya yeye mtoto mdogo. Nikapendekeza tuanze upya na nyama nyingine. Hapakuwa na nyama nyingine. Kidonge alikuwa amekwisha kukimeza kwa chai. Siku hizo alikimeza akisikia tu kitufe. Nikaenda kazini kwa sababu sikuwa na jambo la pili la kufanya, na njia nzima hadi Springfield sikuona barabara.

Saa nane mchana nikiwa juu ya paa la jengo, simu ikalia. Mpangaji alisema chungu kimeshuka kwenye joto la kuhifadhi, sahani iko mlangoni, haijaguswa, na Mama anatetemeka mikono. Amempa maji ya machungwa nusu glasi kama muuguzi alivyofundisha. Amekataa mkate. Amesema hawezi kuongopa kwa tumbo.

Kilichofuata nilikipata baadaye kwa mke wangu na kwa mpangaji, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yalilingana. Mke wangu hakuweza kumwacha mzee peke yake. Kwa hiyo alimweleza, kwa Kiingereza na kwa sauti kubwa, kwamba kwa kusema lile neno alikuwa amepika, na kwamba aliyepikiwa hajui kama anaruhusiwa kula.

Mzee aliuliza amepika nini.

"Mbuzi," mke wangu alimwambia.

Alisema hajawahi hata kumla mbuzi, lakini kama amempika atasimama naye. Akaomba simu. Huku Wheaton mpangaji akaisogeza simu hadi kwenye mlango wa Mama, akakaa chini sakafuni.

"Muulize," Mama alimwambia binti yake, "ana undugu wowote na mume wako?"

Mzee alifikiri. Alisema hadhani, ila kwa hakika hawezi kuapa, maana babu yake alikuwa msafiri.

"Anasema hana, Mama."

"Ana mtoto aliyeoa kwetu?"

"Hana."

"Ana umri gani?"

"Tisini na mmoja."

Mpangaji aliniambia kwamba hapo alisikia kitanda kikilia, Mama akiketi.

"Mimi nina sitini na tisa," Mama alisema. "Huyo ni baba yangu. Baba akimpikia mwanawe, mwana hali?"

"Anakula, Mama."

"Basi mwambie shikamoo."

Mke wangu alimfundisha mzee kuitikia. Ilichukua mara tatu. Mpangaji alisukuma sahani ndani, mlango ukafungwa, na baada ya kitambo kijiko kikasikika. Aliniambia hajawahi kufurahia kumsikiliza mtu akila kama siku ile. Jioni niliporudi nilipima bilinganya zilizobaki kwa macho na kujaza mraba wa Jumatano. Namba ya kesho yake asubuhi iligusa mstari wa chini, lakini haikuuvuka.

Alhamisi ilipofika Mama hakutaka tena kurudi kwenye sauti ya binti yake. Ukishapikiwa na baba, alisema, huwezi kumpokonya mwiko. Basi mzee ndiye aliyesema "Washa," akapokea shikamoo, akaitikia. Ijumaa muuguzi wa kalamu nyekundu alitazama namba zetu kwa muda, akauliza tumebadilisha nini. Mke wangu alisema tumebadilisha mpishi. Muuguzi akasema basi tusimwache.

Jicho la kulia lilipasuliwa wiki iliyofuata. Walipotoa bandeji Mama alikaa akisoma vibandiko vyote vya ukutani, herufi moja moja, pamoja na kile kinachoonyesha mlango wa dharura. Kisha akamwambia mke wangu apelekwe akamsalimie aliyempikia.

Tulikwenda Manassas Jumapili. Mama alikaa kiti cha nyuma, upande wangu, na kwa kuwa sasa alikuwa anaona, nilikigeuza kioo cha katikati kikatazama paa. Niliendesha njia nzima kwa vioo vya pembeni tu. Jambo hilo nisingemshauri mtu mwingine.

Mzee alikuwa amevaa tai. Mama alipiga goti nusu mbele yake, akamwamkia, naye akaitikia kabla ya wakati. Wakakaa mezani wakitazamana, mke wangu katikati. Mimi nilipewa kiti pembeni, nikakigeuza kuelekea dirishani kama inavyonipasa. Kulikuwa na ua, na ndani ya ua mti mmoja mdogo uliofungwa kwenye kijiti.

"Baba," Mama alisema, "ulinilisha wakati sioni. Mungu akuweke. Bila wewe ningerudi kwetu naongozwa kwa fimbo."

Mke wangu akatafsiri. Mzee alisema haikuwa shida yoyote.

"Lakini mwana hamfichi baba yake. Sasa naona, na jana walinifunulia chungu nikatazama. Mchuzi wako hauna rangi, baba. Ni kama maji yaliyooshea viatu. Vipande vya nyama umevikata vikubwa, vya kulishia askari. Na tangawizi umeitia kama mtu aliyepewa bure."

Nilisikia mke wangu akisita, kisha akatafsiri yote. Mzee aliweka mkono nyuma ya sikio na kuomba arudiwe la nyama. Akarudiwa. Alisema marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akipika, hakuna aliyewahi kumfundisha, na ana haki ya kuambiwa.

"Bilinganya nayo haikai chunguni saa nane," Mama aliendelea. "Inakufa. Inaingia mwisho, saa moja kabla. Kama kitabu kinakataza kufunua, kitabu hakijui bilinganya."

Mzee alikubali kwamba hilo lilimponyoka, na kwamba atajirekebisha.

Nilitoa daftari mfukoni, nikaliweka gotini na kuanza kuandika. Tangawizi, nusu. Vipande, vidogo. Bilinganya, saa ya saba, fungua. Nyuma yangu pakawa kimya, nikadhani Mama amemaliza. Nilipoinua kalamu, akaendelea na vitunguu: vikaangwe kwanza hadi viwe kahawia, rangi itatoka humo bila nyanya. Nikaandika, naye akanyamaza. Nilipotua kalamu, akaanza tena.

"Na kitunguu saumu, baba," alimwambia mzee, taratibu, neno moja moja, kama mtu anayesoma imla. "Kitunguu saumu hakikatwi. Kinatwangwa."